Barua ya wazi kwa wasimamizi wa mradi wa ngano: mbegu ya milimani mmeileta mbugani, tena mwezi wa saba

Kwenu waheshimiwa wasimamizi wa mradi wa ngano ya kiangazi, na wataalamu wote mnaohusika na mbegu zake,

Shikamooni. Na wale ambao ni rika langu au wadogo zangu, mwangaluka.

YAH: NGANO ILIYOPANDWA KWA KUCHELEWA, JOTO LA SEPTEMBA, NA DENI MNALOTUDAI

Kabla sijaingia kwenye hoja niseme kabisa kwamba sijaanzia huku hadharani. Nilianza kwa adabu. Mwezi wa kumi mwishoni nilimpigia bwana shamba wetu, akasema atafikisha. Mwezi wa kumi na moja tukaandika barua ya kikundi, muhuri upo, saini ya mwenyekiti ipo, tukaipeleka wenyewe kwa bodaboda mpaka ofisini kwenu na dada wa mapokezi akatusainia kwenye daftari. Mwezi wa kwanza nikaja mimi mwenyewe, nikakaa kwenye benchi toka saa tatu asubuhi mpaka saa nane mchana, nikaambiwa mkuu yuko kikaoni. Meseji zangu zina tiki mbili za bluu mpaka leo. Wiki iliyopita ndo likaja jibu, ila halikuwa jibu la barua, ilikuwa karatasi ya madai: kila mwanakikundi alipe hela ya mbegu na mbolea kabla msimu haujaanza na asiyelipa anatolewa kwenye orodha. Hapo nikasema basi, bora tuongee mbele za watu.

Kwa wanaosoma ambao sio wa huku, nieleze kidogo. Sisi ni wakulima wa mpunga wa mbugani, mkoa wa Tabora. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, inaanza Novemba inaisha Aprili huko, mpunga tunavuna Mei na Juni, baada ya hapo majaruba yanakaa tu, ng'ombe wanaingia kula mabua mpaka mvua nyingine. Mradi ukaja na wazo kwamba udongo mweusi wa mbuga bado una unyevu, lambo bado lina maji, na kipupwe cha Juni na Julai usiku kina baridi ya kutosha, kwa nini msipande ngano hapo katikati? Wazo sio baya hata kidogo, na nasema hivi ili mjue siandiki kama mtu aliyekuja kubomoa. Wahindi wanafanya hivohivo kule kaskazini kwao, mpunga unatoka ngano inaingia, mamilioni ya hekta, miaka na miaka. Na sisi nchi nzima tunakula chapati na maandazi kila asubuhi halafu ngano inayolimwa hapa nyumbani haifiki hata sehemu ya kumi ya tunachotumia, inayobaki inakuja na meli. Mwaka 2022 Urusi na Ukraine zilipoanza kupigana si mnakumbuka andazi lilivyopungua ukubwa? Kwa hiyo kwenye semina mimi ndo nilikuwa wa kwanza kunyoosha mkono, wanikumbuke waliokuwepo.

Sasa malalamiko yetu ni haya.

1. Mbegu mliyoleta ni ya nchi ya baridi.

Jina la mbegu silitaji maana mbegu yenyewe haina kosa, kule kwao ni mbegu nzuri na watu wanavuna. Lakini kwao ni wapi? Ngano ya Tanzania tangu zamani ni ya Makete, Njombe, Karatu, Hanang, Monduli, sehemu za juu ambako jioni mtu anavaa koti. Makete ni milima iliyopita mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Tabora hapa ni kama mita 1,200. Kila ukishuka mita 1,000 joto linaongezeka digrii kama 6, hii ni ya kwenye kitabu cha jiografia cha sekondari wala sio siri ya wataalamu. Yani mmechukua mmea uliozoea kujaza punje kwenye ubaridi wa digrii 15 mpaka 20 na kidogo, mkaushusha kilomita nzima kuelekea kwenye joto, na kwenye semina hakuna aliyesema neno hata moja juu ya hilo. Tuliuliza mbegu inakomaa kwa siku ngapi, tukajibiwa "inategemea". Kweli inategemea, lakini ilitakiwa mtuambie inategemea nini.

2. Mbegu ilifika kipupwe kinaaga.

Mlisema mwisho wa mwezi wa tano. Tukasubiri. Mwezi wa sita ukaingia, tukaambiwa gari limekwama, mara hela za usafiri hazijatoka, mara lebo hazijafika. Mbegu ikashushwa tarehe 9 Julai. Tukapanda kati ya tarehe 12 na 16, kwa plau la ng'ombe, udongo umeshaanza kupasuka.

Haya, hesabu wenyewe. Ngano iliyopandwa katikati ya Julai inatoa masuke katikati ya Septemba, inajaza punje mpaka katikati ya Oktoba. Kuna mtu yeyote aliyewahi kuishi Tabora asiyejua Septemba na Oktoba ni miezi gani? Ndo miezi ya jua lenyewe, mchana joto linavuka digrii 30 kila siku mpaka mbwa wanahama kivuli kila lisaa, maembe yanaanza kunenepa, watu wanalala nje. Ngano yetu mmeipangia arusi yake siku hiyo.

Na hapa nina ushahidi ambao nilitaka mje muuone kwa macho. Kwenye semina ya mwezi wa tano mlikuja na kiroba cha kilo 10 cha kuonyeshea, mbegu ileile, lebo ileile. Mlipoondoka kikabaki kwa mama katibu wetu. Yeye mpunga wake ulikuwa wa muda mfupi ameshavuna, na ni mtu asiyependa kitu kikae bure, akakipanda kwenye robo eka tarehe 3 Juni bila kumuuliza mtu. Ngano yake ikachanua wiki ya kwanza ya mwezi wa nane usiku ukiwa bado na baridi. Akavuna madebe 8, na debe lake likapiga kilo 15. Hizo ni kilo 120 kwenye robo eka. Mimi jirani yake, mpaka mmoja, udongo mmoja, eka nzima, nilivuna madebe 9. Na debe langu limejaa mpaka juu likapiga kilo 12. Kilo 108 kwa eka! Robo yake imenishinda eka yangu, na tofauti yetu ni wiki kama sita tu na kiroba cha bahati.

Nilivyoona mzani wa debe ndo nikaelewa kwamba hata nilichovuna sio ngano kamili. Mama wa mashine alivyosaga akaniambia "baba hii ni pumba imevaa nguo ya ngano". Nilicheka lakini sio kwa furaha.

3. Joto lilichofanya, maana bwana shamba alituambia ni "uzembe wa kupalilia".

Hili nalikalia kidogo kwa sababu ndilo lililoniuma. Nimesoma, nimeuliza vijana waliosoma kilimo, nimepasua masuke mwenyewe na wembe. Joto linaipiga ngano sehemu mbili.

Ya kwanza ni kabla kidogo ya kuchanua na wakati wa kuchanua. Hapo chavua, ule unga wa ua unaoshikisha punje, inatengenezwa ndani ya suke, na ikikutana na joto la juu ya digrii 30 siku mfululizo chavua inakufa, ua halishiki, nafasi ya punje inabaki tupu. Kwa nje suke zuri tu limesimama, ukilifikicha kwenye kiganja unatoka makapi. Ndo maana wengi wetu mwezi wa tisa tulikuwa tunapiga picha shamba tunatuma kwenye grupu tunajisifu, hatujui tunapiga picha maganda. Palizi haiui chavua, wakuu.

Ya pili ni baada ya hapo. Punje iliyoshika inatakiwa ijazwe taratibu kwa mwezi mmoja na zaidi, na inachojazwa nacho zaidi ni wanga. Joto likizidi mmea unakimbia, unaharakisha maisha, siku za kujaza zinapungua, majani yanakauka mapema, na hata ile mashine ya ndani ya punje inayogeuza sukari kuwa wanga inalegea, kwa hiyo sukari hata ikiwepo haigeuki vizuri. Usiku nao ukiwa wa joto mmea unaunguza akiba yake wenyewe kwa kupumua. Matokeo yake punje inasinyaa, ina mikunjo kama kidole kilichokaa kwenye maji, na debe linapiga kilo 12.

Watafiti wa dunia walishalipima hili. Mwaka 2015 walichapisha hesabu kwamba joto la wastani likipanda digrii 1 tu, mavuno ya ngano ya dunia nzima yanapungua asilimia kama 6. Digrii moja! Sasa nyie mmetupandisha ngapi kwa mkupuo, kwa kushusha mbegu toka mlimani na kuichelewesha wiki sita?

Kwenye nchi zenye uzoefu kuchelewa kupanda ni somo zima. Wahindi wa kaskazini wanataka ngano iwe ardhini kabla ya mwisho wa Novemba, na wanahesabu kila siku moja ya kuchelewa zaidi ya hapo inakula asilimia kama 1 ya mavuno, kwa sababu wanajua Machi inakuja na joto. Machi yao ndo Septemba yetu, Novemba yao ndo Mei yetu, geuza kalenda utaona. Machi ya mwaka 2022 kule ilikuwa ya joto kuliko Machi zote tangu waanze kuandika kumbukumbu mwaka 1901, ngano ikasinyaa shambani, na tarehe 13 Mei serikali yao ikapiga marufuku kuuza ngano nje. Hao ni watu wenye mbegu za kila aina na mifereji ya maji. Sisi tuna lambo moja na plau.

Lakini hao hao, kwa kuwa wanajua mpunga wakati mwingine unachelewa kutoka, wana mbegu za kupanda kwa wakati na mbegu za kupanda kwa kuchelewa, mbali mbali, na mkulima anaambiwa waziwazi hii ni ya mapema, hii ni ya kuchelewa. Toka miaka ya 1960 walikuwa na mbegu inaitwa Sonalika iliyopendwa kwa sababu inakomaa mapema, ukichelewa kupanda unaiwahisha kabla joto halijachacha. Baadaye ikashindwa na kutu, ule ugonjwa wa ukungu kwenye majani na bua, wakatafuta nyingine, ndo kazi ilivyo, haiishi. Tena nimejifunza kwamba kuna mbegu inayokimbia joto na mbegu inayolivumilia. Ya kwanza ina haraka tu, inamaliza shughuli kabla ya jua. Ya pili ndo ya maana zaidi: majani yake yanabaki kijani muda mrefu hata kwenye joto, mizizi inavuta maji ya chini, mmea unajipooza wenyewe kama mtu anayetoka jasho, na kwenye bua kuna akiba ya sukari ya kumalizia kujaza punje majani yakishachoka. Sisi mlitupa isiyokimbia wala kuvumilia.

Na kule Mexico, Ciudad Obregón, kituo cha CIMMYT, shirika la kimataifa la utafiti wa mahindi na ngano, ambako mtafiti maarufu wa ngano Norman Borlaug alifanyia kazi yake, hadi leo watafiti wanapanda baadhi ya vitalu wakiwa wamechelewa kwa makusudi, miezi kadhaa baada ya wakati wake, ili ngano ikutane na joto waone ipi inabaki na punje. Yani mlichofanya nyie kinaitwa jaribio. Tatizo wao wanajaribia mbegu kwenye vitalu vidogo na gharama wanabeba wao, nyie mmejaribia kwenye eka za watu wenye watoto shuleni na gharama mmetuandikia sisi.

4. Kiasi cha mbegu na ratiba ya maji.

Hili fupi. Mlitupa kilo 30 kwa eka. Ngano iliyochelewa inatoa machipukizi machache, kwa hiyo inatakiwa mbegu izidi na mistari isogeleane. Wahindi kwa hekta wanatoka kilo 100 kwenda 125 wakichelewa, maana yake kwa eka ni kutoka 40 kwenda 50. Sisi hata ile ya kawaida hatukuifikia. Na maji ya lambo yalifunguliwa kwa ratiba ya bustani za nyanya, wiki ya masuke mfereji ulikuwa mkavu siku 11, wakati ngano yenye maji ndo inaweza kujipooza na isiyo na maji inapikwa. Nani alipanga ile ratiba sijui, ila haikupangwa na mtu anayefikiria ngano.

5. Deni.

Shilingi 148,000 kwa eka, mbegu na mfuko mmoja wa mbolea. Ngano yangu yote nikiuza kwa bei ya pumba, ambayo ndo bei niliyopewa, siifikii. Kuna wajane wawili kwenye kikundi waliopanda nusu eka nusu eka, mmoja ameshauza mbuzi. Mbuzi ameuzwa kulipia mbegu iliyokuja mwezi wa saba, hebu lisemeni hilo kwa sauti mkiwa kikaoni msikie linavyokaa.

Najua mtakachosema, maana vipande vipande nimeshavisikia.

Mtasema mbegu ilikuwa imethibitishwa, lebo ipo. Ni kweli na sikatai. Lebo inaniambia mbegu ni safi, ni ya aina iliyoandikwa na itaota. Na iliota! Iliota vizuri sana. Lebo haisemi itavumilia Oktoba ya Tabora, na hakuna aliyewahi kudai lebo inasema hivyo.

Mtasema ni mabadiliko ya tabianchi. Wakuu, na heshima zote, joto la Septemba na Oktoba huku halikuletwa na mabadiliko ya juzi. Babu zetu walilikuta, na ukimuuliza mtoto wa darasa la nne atakwambia jua kali ni miezi gani. Kama dunia inazidi kuchemka basi ndo sababu kubwa zaidi ya kuchagua mbegu kwa uangalifu, haiwi sababu ya kutochagua.

Mtasema wakulima wenyewe walichelewa kutoa mpunga. Hapa nitakuwa mkweli, theluthi yetu hivi walikuwa na mpunga shambani mpaka tarehe 20 Juni, na hao hata mbegu ingefika mapema wasingeweza kupanda mapema. Ila hao ndo hasa waliohitaji mbegu ya kuchelewa, au kuambiwa "nyie mwaka huu pandeni dengu, ngano muache". Dengu inakubali udongo mweusi na unyevu uliobaki, wazee wanajua. Theluthi mbili waliobaki walikuwa wamelima wanasubiri gari lenu.

Mtasema kweleakwelea wamekula. Walikuja, ndio, na sisi tuliamka alfajiri kupiga madebe. Lakini ndege anakula punje, hali ganda akaacha suke limefungwa vizuri namna ile. Suke ambalo halijawahi kuwa na chochote ndani sio kazi ya ndege.

Na mtasema, hili ndo nalitarajia zaidi, kwamba mbegu ya kuvumilia joto hapa nchini haipatikani kirahisi. Inawezekana. Basi si mngesema? Tungepanda vitalu vitano kila kijiji, tukaangalia, mwaka unaofuata tukaongea. Wasudani wanalima ngano Gezira kwenye joto miaka mingi. Waethiopia wameishusha ngano mpaka bonde la Awash, chini kabisa kuliko sisi, kwa umwagiliaji na kwa mbegu walizozichagua kwa ajili ya joto, na Benki ya Maendeleo ya Afrika ilikuwa na mpango wa kusambaza mbegu za namna hiyo kwenye nchi za Afrika. Hata hao wanapanda msimu wa ubaridi wao, hawachezi na kalenda. Na hapa kwetu vituo vya Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, TARI Uyole na TARI Selian, vinashughulika na ngano, watu wa kuuliza wapo. Sisi hatujaomba mbegu ya miujiza, tumeomba muulize kabla ya kupakia gari.

Tunachoomba ni hiki, na tumekubaliana kikundi kizima, sio mawazo yangu peke yangu.

Kwanza kabisa deni la msimu ule lifutwe kwa wote waliopokea mbegu baada ya tarehe 15 Juni. Hatuombi fidia ya mavuno, hatuombi posho, tunaomba msitudai. Mbolea tuko tayari kulipa nusu kwa wenye uwezo, kwa sababu kuna iliyobaki ardhini ikasaidia mpunga, huo ndo ukweli.

Pili, muweke tarehe ya mwisho ya kushusha mbegu na iandikwe kwenye mkataba. Sisi tunapendekeza tarehe 20 Mei. Gari likichelewa zaidi ya hapo lirudi na mzigo wake na asiwepo wa kutulazimisha kupokea "kwa sababu imeshafika".

Tatu, kabla hamjagawa tena mbegu kwa eka, wekeni vitalu vya majaribio hapa hapa mbugani, sio kwenye shamba la ofisi mjini. Aina nne au tano, zikiwemo za kukomaa mapema, kila aina ipandwe mara tatu: mwisho wa Mei, katikati ya Juni, mwanzo wa Julai. Kipimajoto kimoja kwenye kivuli, mtu wa kukisoma tunaye, kijana wetu amemaliza kidato cha nne yuko nyumbani. Ardhi tunatoa bure, ulinzi wa ndege tunatoa. Mkivuna mpime uzito wa debe sio idadi ya madebe tu, na muangalie kutu pia, maana mbegu ya kuwahi isiyostahimili ugonjwa ni kesi nyingine.

Nne, mtupe kwa maandishi siku za kukomaa za kila aina na mwezi gani isipandwe. Ukurasa mmoja, Kiswahili, herufi kubwa.

Na ratiba ya lambo ikipangwa mwenyekiti wetu awepo.

Mama katibu amebakiza kilo 40 za ile ngano yake ya Juni na anasema atazipanda tena mwaka huu wiki ya mwisho ya Mei, mje msije. Mimi nimemuomba kilo 10 amekataa, amesema nisubiri gari. Ana haki ya kunitania.

Sampuli ninazo, makopo mawili juu ya kabati, moja la kwake na moja la kwangu, yana tarehe za kupanda na kuvuna zimeandikwa kwa kalamu ya wino. Mkija, njooni na mzani wenu msije mkasema wetu ni mbovu. Siku ya kikundi ni Alhamisi saa kumi jioni chini ya mwembe karibu na ghala, na kama mkuu yuko kikaoni basi atume mtu anayeweza kusaini.

Wenu katika shughuli za shamba,

Mkulima wa mpunga, na wa ngano kwa msimu mmoja,
kwa niaba ya wanakikundi 34,
Tabora